Nani Aliulizwa?

Siku niliyomsikia baba yangu akiomba ruhusa ya kusogeza kiti, nilikuwa jikoni naunga maharage, na nusura niyaunguze. Alikuwa anamwomba msichana wangu wa kazi. "Mwanangu, naweza kukisogeza hiki kiti kivulini?" Binti wa watu, mwenye adabu zake, akamjibu, "Sogeza tu, babu." Akasogeza, akakaa. Kwa mtu mwingine hilo si neno. Lakini huyu alikuwa mtu ambaye sisi tulipokuwa wadogo, akikohoa tu kule zizini, tunaacha ugomvi wetu, tunafuta kamasi na kusimama wima. Leo anaomba ruhusa ya kivuli! Tena kwenye nyumba ya mtoto aliyemzaa mwenyewe! Nikamalizia kupika huku machozi yananitoka, nikisingizia vitunguu.

Nilikuwa naishi Area D, pale Dodoma mjini, nyumba ya serikali, na ua wangu wa minyaa ulikuwa bado haujafika kiunoni. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa ofisini. Nilikuwa na watoto wawili na mume aliyehamishiwa Mtwara akasahau njia ya kurudi. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalijaa tena ghafla. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilikuwa inatuita yenyewe kutoka rafuni, ya kila rangi na kila harufu, na sisi maofisini tunasubiri kusikia nani anapunguzwa kazi. Yaani vitu vimenenepa, mishahara imekonda.

Baba aliletwa kwangu baada ya kuanguka shambani kwake, kijijini, ng'ambo ya Mvumi. Mdomo ulikwenda upande kidogo na mkono wa kushoto ukalegea. Daktari alisema ni presha, tena ya siku nyingi, ila hakuna aliyewahi kuipima. Akatoa vidonge, akakataza chumvi, akakataza tumbaku, kisha akatugeukia sisi watoto akasema, "Mzee sasa apumzike." Kaka yangu mkubwa, anayeishi kijijini, alilipokea neno hilo kama amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Nami vilevile. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kubisha.

Basi tukampumzisha. Godoro nene, chai isiyo na sukari, vidonge asubuhi na jioni. Nilimnyoa mwenyewe, nikamchagulia shati la mitumba zuri kabisa, nikamwambia lubega lake, lile shuka la begani, tulifue tuliweke kabatini. Mwili ulinawiri, mashavu yakarudi. Kila jirani aliyepita alinisifu, eti, dada unamtunza mzee. Na mimi nikajaa sifa. Lakini sauti yake ilikuwa inapungua. Ukimwuliza, "Baba, utakula ugali au wali?" anasema, "Chochote mtakachonipa." Huyu! Ambaye alishawahi kurudisha ugali wa uwele jikoni kwa sababu haukusongwa ukakaza!

Asubuhi moja aliniambia anataka kwenda mjini kumsalimia Muhindi wake. Nilifurahi kusikia neno "nataka".

Muhindi wake alikuwa mwenye duka la nguo kule Uhindini, karibu na soko. Tangu kabla sijazaliwa baba alikuwa akimpelekea samli na ngozi, na akitoka hapo amebeba kaniki na chumvi. Enzi zile, alivyonisimulia, ngozi zilipokelewa mlango wa nyuma, na Muhindi hakuwa anamjua kwa jina wala kwa heshima, ilikuwa "wee, weka pale." Baba naye akirudi nyumbani alimwita mnyonyaji. Kisha wakazeeka. Sijui ni lini hasa, lakini mahali fulani katikati ya ngozi na samli wakawa marafiki, na yale maneno ya zamani yakageuka utani.

"We Mgogo! Bado hujafa?"

"Nitakufaje, nawe hujayafuta maneno yako yote mabaya?"

Ndivyo walivyosalimiana siku ile. Muhindi alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kukunja, miwani imeng'aa, kandambili safi miguuni. Alisimama akamshika baba mkono wa kushoto, ule uliolegea, akauminyaminya kama mtu anayekagua kitambaa, akasema, "Huu umelala. Mwamshe." Baba akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu aje kwangu.

Walikuwa rika moja. Hakuna kati yao aliyekuwa na uhakika wa mwaka, lakini wote wawili walikumbuka njaa moja kubwa iliyowakuta wakiwa wavulana, mmoja akichunga mbuzi, mwingine akilala nyuma ya magunia ya baba yake. Ila ukiwaangalia pamoja, ungesema baba ni kaka mkubwa kwa mbali. Watu wetu wana msemo wao wa vijiweni, "Wahindi hawazeeki." Ofisini kwetu walisema ni samli. Wengine walisema ni kukaa kivulini. Mimi nilikuwa nawatazama pale barazani nikaona si muujiza wala damu. Yule mmoja tangu utotoni alikuwa na daktari aliyejua jina lake, na akihisi kifua kimebana, mpwa wake ng'ambo anatuma dawa. Huyu mwingine alichimba visima kwenye mchanga wa mto mkavu, akanywesha ng'ombe kwa ndoo, akalala kwenye moshi, na mara ya kwanza daktari anamsikiliza moyo, ndevu zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Mwili wa mmoja ulikunjwa vizuri kama jora la dukani, wa mwingine ulitumika kama jembe. Na kabla ya uhuru, na hata baada yake kidogo, hawakuingilia mlango mmoja hata wa hospitali. Jambo hilo lilinichoma moyo, na hadi leo linanichoma. Sitaki mtu aniambie ni mambo ya asili.

Lakini nilipokaa nao zaidi ndipo nilipoona kitu kingine. Mle ndani ya duka, vijana wawili wa Muhindi walikuwa wanashusha majora kwenye rafu na kupanga redio na televisheni. Mlango wa nchi umeachiwa wazi, bidhaa zinaingia, nao hawakutaka tena habari ya kaniki. Mkubwa wao alitoka akamwekea baba yake mto mgongoni. "Bapa, upepo huu. Ingia ndani upumzike." Kijana mzuri, wala si mtovu wa adabu. Muhindi akaitikia, "Haya, haya," na kijana alipoondoka akatuinamia mimi na baba akasema taratibu, "Funguo walichukua mwaka jana. Wanasema nzito. Mfuko wangu sasa mwepesi, natembea kama nimesahau kuvaa nguo."

Baba akautazama ule mfuko. 

Tangu siku hiyo nikawa nampeleka mara kwa mara. Muhindi alikuwa na mashine ya kupimia presha, ile ya mpira wa kufinya, aliyoletewa na watoto wake. Alijua kuitumia kuliko manesi wengine. Ikawa ndiyo mchezo wao. Anamfunga baba mkono, anafinya mpira, anakunja uso, anasoma, kisha anamtukana. "Mgogo, hii presha ya kuchemshia chai!" Vidonge alikuwa anakunywa, mimi nashuhudia, nasimama mbele yake mpaka ameze. Chumvi hagusi. Lakini presha haikushuka.

Kisha kukawa na mambo ya posa. Binti wa baba mdogo alikuwa anaolewa, na wazee wakatuma ujumbe kwamba mahari haiwezi kuzungumzwa bila baba yangu, maana ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nilisitasita. Kaka yangu akasema atamwangalia. Tukamwachia akaenda kijijini, akalala kwenye tembe lake mwenyewe la udongo, na kesho yake alikaa kwenye mazungumzo kutwa nzima akibishana juu ya ng'ombe. Nilisimuliwa kwamba alinyanyuka mara kadhaa kutaka kuondoka, akavutwa shuka na mwingine, akakaa, akaanza upya. Alimkataa dume mmoja kwa sababu ya kwato. Alipiga fimbo chini. Alikula nyama yenye chumvi, mnafiki mkubwa, na naamini alivuta na tumbaku.

Aliporudi mjini nilimpeleka kwa Muhindi moja kwa moja, roho mkononi. Muhindi akafinya mpira. Akasoma. Akafinya tena. Akavua miwani akaifuta, akapima mara nyingine.

"Mama," akaniambia mimi, kwa kile Kiswahili chake cha dukani, "presha ya Mgogo imeshuka. Umempa dawa gani?"

Nikamweleza habari za mahari.

Alicheka mpaka akakohoa, na kijana wake akatoka na maji. Muhindi akayasukuma kando. "Mama, sikiliza mimi. Huyu usimpe kupumzika. Huyu apewe kazi ya kukasirika." Kisha kicheko kikamwisha ghafla. Akautazama mlango wa duka. "Mimi presha yangu nzuri kila siku. Daktari anasifu sana. Hakuna mtu ananikasirisha. Hakuna mtu ananiuliza hata bei ya uzi."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikayageuza usiku na mchana. Mwishoni nikampelekea kaka ujumbe: baba arudi kwake. Akae kwenye tembe lake, awatazame ng'ombe wake wakitoka asubuhi, dawa nitakuwa naleta mwenyewe. Nilidhani kaka atashukuru. Akaja mjini mwenyewe kunijibu, "Subiri kidogo, dada. Msubirisheni mpaka tuvune zabibu." Nikauliza kwa nini. "Subiri tu." Sauti ya mtu anayeficha zawadi. Baba alipoambiwa kwamba atarudi baada ya mavuno, alianza kukaa ukingoni mwa kiti, kama abiria.

Kila siku alikuwa na habari ya tembe lake. Jinsi lilivyo na baridi nzuri mchana wa jua kali. Jinsi ukilala unasikia ng'ombe wakicheua ng'ambo ya ukuta, na unajua, kwa kucheua tu, yupi hajashiba. Tembe lile alilijenga mara mbili. La kwanza lilibomolewa tulipohamishiwa kwenye kijiji kipya, mimi nikiwa msichana wa shule. Walikuja mgambo, wakapanda juu ya paa wakaanza kuvuta magogo, na lori linanguruma. Hakuulizwa. Alibeba nguzo alizoweza kubeba, na kule tulikopelekwa akajenga upya, na nguzo zilezile akazichimbia. Ndiyo hiyo nyumba aliyokuwa anaililia. Nami, nikimsikiliza, nilikuwa naililia pia, sikujijua.

Zabibu zilivunwa. Mwaka ule wanunuzi walikuja wengi, kila mtu na gari lake, na wakulima wakatabasamu. Nikaomba likizo, nikamvika baba lubega lake, tukaenda.

Tulipokaribia, nilianza kutafuta tembe kwa macho. Lile paa bapa la udongo, ambalo kwa mbali hulioni mpaka ulifikie. Nikaona bati. Bati jipya, linawaka jua kiasi cha kuumiza macho, juu ya nyumba ya matofali ya kuchoma yenye madirisha. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Wajukuu wamevalishwa. Kaka yangu amesimama mlangoni na shati jeupe, anatabasamu mpaka jino la mwisho, na zizi limehamishiwa mbali kule bondeni, kwa ajili ya usafi.

Tembe halikuwepo. Pale lilipokuwa palibaki tuta la udongo na nguzo zilizorundikwa kwa ajili ya kuni.

"Mbukwa, baba!" kaka akamwamkia. "Karibu kwako!"

Kumbe alipokuja kwenye posa, baba alisema, mbele ya watu, kwamba tembe linavuja kwenye kona. Mungu wangu! Mzee wa Kigogo kulalamikia paa lake ni kama kusema leo kuna upepo. Ni mazungumzo. Kaka yangu, na moyo wake mwema usio na mlango, akalichukua kama ombi. Hela yote ya zabibu aliiweka hapo. Hakuna aliyenong'ona hata kwangu, ili nami nishangae. Haya, nilishangaa.

Baba alisimama na fimbo yake. Vigelegele vikaanza kupungua, kimoja kimoja, mpaka akabaki shangazi mmoja asiyesikia vizuri. Naye akanyamaza.

"Nani aliulizwa?" baba akasema.

"Baba, ilikuwa zawadi."

"Nimesikia. Nauliza nani aliulizwa."

Kaka akanitazama mimi.  Baba akaizunguka nyumba polepole, akagusa ukuta, akasema ni ukuta mzuri. Alisema kweli, bila kejeli. Kisha akaenda kwenye lile rundo la nguzo akakaa juu yake. Nilimfuata nikachuchumaa mbele yake. Akaniambia kwa Kigogo, taratibu, neno ambalo nikilitia kwenye Kiswahili linakuwa hivi: "Wale walikuja na mgambo. Hawa wamekuja na vigelegele. Lakini nyumba imebomoka vilevile." Nililia pale mbele ya watu wote na shati langu la ofisini. Kaka naye alilia, kule nyuma ya nyumba, alidhani hatumwoni. Hakukuwa na mtu mbaya pale. Ndiyo maana iliuma hivyo.

Baba alilala kwenye nyumba ya bati, hakususa. Asubuhi, kabla hatujanywa chai, tulimkuta ameshapima ardhi kwa fimbo na kuchora mstari kwenye vumbi. Chumba kimoja. "Nataka kujenga," akasema.

Kaka aliruka kama amekanyaga kaa. "Dada, mwambie! Mkono mmoja! Presha! Atafia hapa, watu waseme tumemuua!"

Baba alimsikiliza mpaka akamaliza. "Kufa nitakufa," akasema. "Nitakufa nimekaa, au nitakufa nimesimama. Mwanangu, hilo moja niachie mimi."

Basi tukajenga. Nasema tukajenga, lakini yeye ndiye aliyejenga. Mkono ule haukuweza kunyanyua kitu, ila mdomo! Sauti yote aliyoiacha kwangu Area D ilikuwa imejificha mahali fulani, ikarudi na riba. Nguzo hii imepinda, toa. Shimo hili ni la panya au la nguzo? Nani amekufundisha kufunga kamba hivyo, mama yako alikuwa anafunga kuni vizuri kuliko wewe. Kaka, mwenye nyumba ya bati, alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mimi nilipewa kazi ya wanawake, kubeba maji na kukanyaga udongo. Miguu yangu iliyozoea viatu vya ofisini ikazama matopeni hadi kwenye magoti, nikateleza, nikaanguka kalio, na baba akacheka mpaka akashika ubavu. Kaka akanirushia tope. Nikamrushia. Watu wazima wenye watoto wetu! Baba akatufokea kwamba tunapoteza udongo.

Nimeishi sana tangu hapo. Nimeolewa tena, nimewaona wajukuu, nimepanda ndege. Lakini ningeambiwa nichague siku moja tu ya kurudia, nisingechagua harusi wala safari. Ningechagua ile ya matope, jua la mchana limetulemea, kaka yangu ananuna, na baba amesimama na fimbo anatutukana kwa raha zake zote. Jamani, natamani anitukane tena. Hata kidogo tu.

Kuta zilikuwa zimefika kifuani, nguzo za mlango zimesimamishwa, ndipo gari likaja. Gari dogo la mizigo, jipya. Kijana mkubwa wa Muhindi alikuwa anaendesha, na Muhindi mwenyewe amekaa kando yake, na koti zito lililokunjwa mapajani, kwenye joto lile.

Walikuwa wanampeleka Kanada. Wote wanahama, duka limeuzwa, ndege ni ya wiki ile. Alikuwa amekataa kuondoka Dodoma bila kuja huku, kijana akatueleza, na kwa jinsi alivyoeleza niliona ilikuwa ni mara ya kwanza kwa muda mrefu huyu mzee kukataa kitu. Kijana alikuwa na haraka. Hakuzima gari.

Muhindi alishuka akatembea peke yake, mgongo umenyooka, afya imemjaa. Akasimama kwenye udongo wetu na kandambili zake safi.

"We Mgogo! Nyumba ya bati ile hutaki?"

"Ile ni ya watoto."

"Na huu mchezo gani?"

"Hii yangu."

Muhindi akaitikia kwa kichwa. Akatazama kuta, akatazama matope miguuni kwangu.  Mtani wako akienda usikoweza kumfuata, utani wote unakauka. Akatoa ile mashine ya presha kwenye mfuko, akanipa mimi, akasema, "Kule ziko nyingi." Kisha akasimama tu, mikono inaning'inia, na gari linanguruma.

Baba akamsogelea. Akasema, "Muhindi. Mlango niuweke upande gani?"

Kaka yangu alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Nguzo za mlango zilikuwa zimeshasimama, zimeshindiliwa, upande wa magharibi, mahali ambapo kila mtu wa kwetu anauweka. Upepo wetu unatoka mashariki, na unakuja na vumbi lote la Ugogo. Hata mtoto anajua mlango hautazamishwi upepo.

 Muhindi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaanza kuizunguka ile nyumba. Kijana wake akapiga honi. Hakugeuka. Alisimama upande mmoja akatazama, akasogea upande mwingine akatazama, akainama, akapima kwa hatua kama anapima kitambaa cha mteja mgumu. Honi ikapigwa tena. Akainua kiganja kuelekea kwenye gari, vile mtu mkubwa anavyomwambia mtoto asubiri, na honi ikanyamaza.

"Pale," akasema, akionyesha mashariki. "Barabara iko kule. Mlango lazima kutazama barabara. Mtu akija unamwona kabla yeye hajakuona. Hapo ndiyo biashara."

"Vizuri," baba akasema.

Walipeana mikono, baba akitumia ule wa kushoto. Muhindi akaondoka. Alipofika kwenye gari alifunga mlango mwenyewe kabla kijana hajazunguka kumsaidia, na akaketi kichwa juu.

Vumbi la gari halijatulia, baba akatugeukia. "Ng'oeni," akasema, akizionyesha nguzo za mlango.

"Baba!" kaka akalia. "Upepo!"

"Ng'oeni."

Tulizing'oa. Tulibomoa ukuta wa mashariki tukauziba wa magharibi, na ikatuchukua muda mrefu kuliko kujenga kwenyewe.

Baba aliishi humo miaka kadhaa, ambayo daktari hakuitarajia. Presha yake, nikienda kumpima kwa ile mashine, siku nyingine ilikuwa nzuri, siku nyingine mbaya, na yeye hakujali hata kidogo. Kila kiangazi upepo uliingia mle ndani bila hodi. Vumbi kwenye mlenda, vumbi kwenye maziwa, vumbi kwenye shuka na machoni. Tulikula ugali unaokwaruza meno. Kaka alitaka kuweka pazia, akakataliwa. Alitaka kujenga ukuta mdogo wa kuzuia, akafukuzwa.

Kisha nikasikia kwa watu wa Uhindini kwamba yule Muhindi amefariki huko Kanada, wakati wa baridi, na kwamba mwishoni alikuwa hazungumzi. Nilikwenda kijijini kumwambia baba mwenyewe. Alisikiliza. Akaenda kukaa mlangoni, akatazama barabara. Kesho yake tulikuwa tunakula wote wawili mle ndani, upepo umechachamaa, nami nikashindwa.

"Baba, tuuhamishe huu mlango. Mwenyewe hayupo tena. Hatajua."

Alipuliza vumbi kwenye tonge lake, akalichovya kwenye mlenda.

"Mimi nilimwuliza," akasema, akala.